Barua kwa shemeji yangu anayeona aibu kusoma komyuniti koleji

Shem,

Nimeona nikuandikie huku maana kwenye grupu la familia kila nikianzisha hii mada mama anatuma voisi ya dakika nne ya maombi na mjadala unaishia hapo. Na nyumbani we unatoka shifti ya usiku macho mekundu, mi ndo naingia barabarani, tunapishana mlangoni kama daladala za Igoma na Buhongwa, salamu yenyewe ni honi. Jina lako sitalitaja. Wanaokujua watakujua tu, na wengine itawasaidia, maana nyie mnaosita kwa sababu hiyohiyo hapa Houston mko wengi mno.

Siku ile dada yako alivyotaja komyuniti koleji nilikuona ulivyoacha kula. Ukasema we umemaliza form six na div two yako, huwezi kupata green card, ukaaga ukoo mzima, ukapanda ndege mpaka Marekani afu ukasome chuo cha maendeleo ya jamii. Halafu mama nae kwenye simu akamalizia, "sasa si angeenda tu hapo Misungwi, angekuwa anarudi nyumbani wikiendi." Nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Ila usiku nikiwa nimelala nikaona sio cha kucheka, maana mi mwenyewe nilikuwa na ujinga huohuo na ulinila miaka minne, miaka minne nabeba maboksi huku nasubiri "chuo cha maana" ambacho hata fomu yake sikuwa nimefungua.

Jina ndo linatuponza. Kwetu chuo cha maendeleo ya jamii ni kitu kingine kabisa, kina kazi yake, na wala sikidharau. Hii ya huku ni chuo cha umma cha miaka miwili, kina wilaya yake, na hapa Texas wenye nyumba ndani ya hiyo wilaya wanakichangia kwenye kodi za nyumba zao, ndo maana we ukiishi humo ndani unalipa ada ndogo kuliko anayetoka nje. Sio kitu cha jana pia, cha Joliet kule Illinois kilianza 1901 na kipo mpaka leo, na nchi nzima sasa hivi viko zaidi ya 1,000. Jill Biden alikuwa anafundisha Kiingereza kwenye komyuniti koleji ya Northern Virginia huku mumewe yuko Ikulu. Mke wa rais alikuwa anasahihisha insha za watu wanaotoka shifti kama wewe, afu wewe mtoto wa Mwanza unaona aibu.

Hesabu yenyewe iko hivi, na hii ndo ningependa umsomee mama pole pole. Digrii ya huku kwa kawaida ni krediti 120, krediti ndo kipimo chao cha masomo. Komyuniti koleji unasoma 60, unapewa digrii yao ya miaka miwili, unahamia yunivasiti unamalizia zilizobaki. Texas wameweka kabisa kwenye sheria kwamba kuna masomo ya msingi ya krediti 42, Kiingereza, hesabu, historia, serikali na kadhalika, ukiyamaliza yote yunivasiti yoyote ya umma ya Texas inayapokea, haikurudishi uanze upya. Na cheti cha mwisho kinaandikwa jina la yunivasiti uliyomalizia. Hakuna mjomba atakayekuuliza kwenye sherehe mwaka wa kwanza ulikaa wapi.

Afu kuingia hakuna kugombania. Div two yako hakuna anayeishindanisha na ya mtu, wanataka kujua tu kwamba ulimaliza sekondari. Ila isikudanganye, mlango mkubwa uko wazi lakini ndani kuna vyumba vina foleni, unesi mfano, kule unasoma kwanza anatomia na wenzake, unafanya mtihani wao, ndo unaomba upya na wanachagua. Wale dada wa kanisani wanaokwambia "ingia tu nesingi, ni rahisi" wengi wao bado wako kwenye foleni hiyo.

Sasa nikueleze kisa changu maana hujawahi kukisikia, dada yako ndo anakijua na ananitania nacho mpaka leo.

Mi nilipoamua hatimaye kwenda kusomea ufundi AC, sikujaza fomu mwenyewe. Kulikuwa na jamaa, Mswahili mwenzetu, alikuwa anakaa pakingi baada ya ibada na laptop yake kwenye boneti ya gari, anawajazia watu. Dola 200. Akanijazia ya chuo, akanijazia FAFSA, yaani ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, dakika 40 tumemaliza, nikamshukuru na soda nikamnunulia. Muhula ukaanza Agosti, nikapewa ratiba, nikanunua na zile buti zenye chuma mbele. Wiki ya kwanza nimesoma vizuri. Wiki ya pili mwalimu anaita majina, langu halipo. Nikadhani ameruka. Nikabaki baada ya kipindi, akaangalia kwenye kompyuta akaniambia umeondolewa kwa kutolipa, nenda ofisini. Ofisini wananiambia tumekuandikia imeli tatu. Imeli gani? Kumbe yule bwana akaunti zote alifungua kwa imeli yake yeye, chuo walikuwa wanaomba picha ya green card yangu tu wathibitishe ndo msaada wa ada utoke, barua zinaenda kwake, na yeye zimechanganyika na za watu wengine 30 huko, hasomi. Nikapoteza muhula mzima. Dola 200 hakurudisha, buti nikavalia kazini.

Na kinachouma ni kwamba fomu ya FAFSA ni bure. Hiyo F ya mwanzo ndo maana yake bure, imeandikwa pale juu kabisa ya ukurasa, nimelipa dola 200 kwa kitu ambacho jina lake linaanza na bure.

Kwaiyo la kwanza shem, imeli yako mwenyewe, ile unayoifungua kila siku, sio ile ya utani uliyofungua form two. Nywila andika kwenye daftari.

La pili ni ukaazi, na hapa wewe una bahati ila hujui. Texas inataka uwe umeishi humu miezi 12 kabla ya muhula kuanza ndo uhesabike mkaazi, vinginevyo unalipa bei ya mgeni, ambayo ni kubwa zaidi. We ulitua Desemba, nakumbuka vizuri na lile koti la mtumba ulilofikia nalo watu wa eapoti wakawa wanakushangaa, kwaiyo muhula wa Januari utakukuta umeshatimiza. Green card unayo, hiyo inakuweka kundi moja na wenyeji kwenye hili. Tatizo mkataba wa nyumba uko kwa jina langu. Ndo maana nilikuwa nakusumbua uende DPS, ile ofisi ya jimbo ya leseni, uchukue leseni yenye anuani ya hapa, ukadhani nataka uwe unampeleka dada yako sokoni. (Nataka hilo pia.) Tunza karatasi zako za mshahara za tangu ulipoanza weahausi, zile unazozitupa kwenye gari. Kazi ni ushahidi kwamba umekuja kukaa. Kwenye fomu ya kuomba chuo kuna maswali mengi ya kuudhi kuhusu umeishi wapi tangu lini, watu wanayajibu haraka haraka ili wafike mwisho, afu wanashangaa bili imekuja ya mgeni. Yale maswali jibu taratibu kuliko yote.

La tatu ndo lenyewe. Mwezi huu wa Oktoba ukifungua FAFSA utakuta fomu mbili za miaka miwili tofauti ya masomo. Mpya ndo imetoka, kila mtu anaishangilia, na wewe utataka kujaza mpya kwa sababu ni mpya. Ukisoma kuanzia Januari unatakiwa ujaze ile ya zamani, ya mwaka wa masomo ulioanza Agosti, mpya itakusaidia mwakani. Nimeona watu watatu wamekosea hapo na wote ni watu wenye akili zao. Jaza zote mbili ukitaka, ila ya Januari ndo kwanza.

Una miaka 26, hilo nalo ni zuri, maana kuanzia 24 wanakuhesabu umejitegemea, hawataki habari za mzee wala mama. Wanaangalia kipato chako cha miaka miwili nyuma, sio cha sasa. Miaka miwili nyuma ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye kibanda cha M-Pesa pale stendi, na jioni unafundisha tempo tyusheni. Unaandika ukweli, ulichopata ukibadili kwa dola, na kwa kipato kile Pell Grant, yaani ule msaada wa ada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kukujia yote au karibu yote. Mwaka wa masomo wa 2025–26 ya juu kabisa ni dola 7,395 kwa anayesoma taimu kamili, ukisoma krediti chache inapungua kwa kiasi hicho. Kwa bei ya komyuniti koleji kwa mkaazi, hiyo inalipa ada na inabaki ya vitabu. Sio mkopo. Nasema tena kwa ajili ya mama, SIO MKOPO. Ila ina sharti, ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula wanakata hesabu na kuna sehemu utadaiwa, kwaiyo usijaze masomo matano kwa sababu umeona ni bure afu wiki ya nne shifti ikakushinda. Anza na mawili.

Wale wenye viza ya mwanafunzi mnaosoma hapa, hii ya FAFSA haiwahusu, msije mkanilaumu. Nyie mambo yenu ni I-20, ile fomu ya chuo ya viza, na bei ya mgeni, na krediti zisipungue 12.

Mtihani. Najua ndo unauogopa ingawa unasingizia jina la chuo. Unaitwa TSI, ni wa jimbo, kusoma, kuandika na hesabu. Hauna kikomo cha muda, unaweza ukakaa mpaka wafunge, na haukufelishi uende nyumbani, unaonyesha tu uanzie darasa gani. We hesabu ulizosoma form six zinatosha na chenji inabaki. Kinachotuangusha sisi ni insha, maana tumefundishwa kuanza mbali, "tangu enzi za mababu zetu," msahihishaji wa huku ni mashine, haina babu. Sema unachokubali sentensi ya kwanza kisha toa sababu. Na kabla ya kwenda kuna zoezi la mtandaoni la lazima, ukifika hujalifanya wanakurudisha, hata kama umeomba ruhusa kazini.

Vyeti vyako vya Necta viko kwa Kiingereza tayari, usikubali mtu akwambie ulipe mtafsiri. Kuna zile kampuni za kulinganisha vyeti vya nje na vya huku, zinachaji dola mia na kuendelea, subiri chuo kikuombe ndo ulipe, maana kila chuo kina orodha yake ya kampuni kinazozikubali. Mi nilionyesha cheti changu dirishani, dada wa watu akaangalia div three yangu akaniuliza hiyo ni GPA tatu? Nikasema ndio kwa kichwa, kwa mdomo sikusema kitu.

Na lile jina la babu. Kwenye cheti cha form four limeandikwa kwa z, kwenye pasipoti na green card kwa s. Hapa kila fomu andika kama ilivyo kwenye green card na kadi ya soshal, ile yenye namba yako ya hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi, hata kama babu atageuka kaburini. Hiyo z tutaieleza kwa barua ya kiapo wakiuliza.

Jumamosi hii mi siendi kazini mpaka saa tisa. Wewe unatoka saa moja asubuhi, lala mpaka saa tano, usiseme unapumzisha macho tu. Meza ya kulia chakula ntaitoa vitu. Njoo na green card, kadi ya soshal, leseni kama ulishaenda DPS (najua hujaenda), vyeti vyote hata kile kilichomwagikiwa chai, na chaja yako, ya kwangu mpwao ameitafuna. Dada yako anapika sato aliyempata kwa Mvietnamu wa kule Bellaire, anasema amefanana na wa kwetu kwa sura tu. Kwenye kibodi unakaa wewe. Mi ntakaa pembeni na kahawa, na ukifika kwenye yale maswali ya umeishi wapi tangu lini, nisipokunyamazia niambie ninyamaze.