Betri inaisha, na wewe unachati tu

Lalamiko tunalolisikia sana kutoka kwa wanaofanyia kazi nyumbani ni hili: umeme ukikatika saa nne asubuhi, adhuhuri haifiki laptopu imezima, na kazi yenyewe ni kuandika tu.

Mara nyingi mlaji ni programu ya chati. Nyingi za siku hizi zimejengwa juu ya Electron, zana ya kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia ya wavuti, kwa hiyo kila moja hubeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium. Hata usipoandika neno, inachora vikatuni na alama ya "fulani anaandika", na prosesa inaamshwa kila mara. Prosesa huokoa chaji ikilala. Hapa hailali.

Programu ya chati tunayoijenga sisi inafanya kazi kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, maandishi matupu. Njia hii ni ya zamani: IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi, ilianzia Finland mwaka 1988, na Irssi, programu ya IRC ya mwaka 1999, ingali na watumiaji wake. Tumechagua XMPP, itifaki huria ya kutumiana ujumbe, kwa kuwa hata ofisi ya watu wanne inaweza kuwa na seva yake.

Kilichotuhangaisha zaidi ni kusubiri. Programu yetu haiiulizi seva kila sekunde chache kama kuna jipya; inalala, na mfumo endeshi unaiamsha ujumbe ukiingia. Tatizo ni ruta. Muunganisho ukikaa kimya mno, ruta huusahau, nawe unabaki unangoja ujumbe ambao hautakufikia. Lazima basi tutume ishara ndogo kila baada ya muda. Zikizidi, betri inaumia. Zikichelewa, muunganisho unakufa. Tunaanza na dakika 5, na ukikatika tunapunguza kwa mtandao huo peke yake, maana Wi-Fi ya nyumbani na data ya simu hazina tabia moja. Mtandao ukirudi, nyongeza ya XMPP iitwayo XEP-0198 huonyesha ujumbe upi ulifika na upi bado, tukaendelea tulipoishia. Bando nalo linapona.

Simu za video hazimo, wala hatutaziweka. Picha inakuja kama kiungo. Timu inayoshinda kwenye mikutano ya video haitaifurahia, na tutawaambia mapema wasitulipe. Waandishi wa programu na wasimamizi wa seva, wanaoishi kwenye terminali tangu asubuhi, hao ndio tunaowajengea.

Kabla hujatutafuta, acha chati yako wazi dakika 10 bila kuigusa, kisha andika top, amri inayoonyesha kila programu inavyotumia prosesa, kwenye terminali uangalie safu ya CPU (prosesa) kwenye mstari wa programu hiyo ya chati. Njoo na namba hiyo.