Ugomvi wa Ziwa Nyasa haukuanza na mafuta

Ndugu Mhariri, naomba nafasi nichangie hii ishu ya mpaka wa Tanzania na Malawi kwenye Ziwa Nyasa maana kila ikiibuka watu wanasema chanzo ni mafuta, eti Malawi walipotoa kibali cha utafiti 2011 ndo ugomvi ukaanza. Si kweli hata kidogo, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere na Rais Banda wa Malawi walishakwaruzana kuhusu ziwa hilihili.

Kisa kinaanzia tarehe 1 Julai 1890. Mwingereza na Mjerumani walisaini mkataba wao, uleule uliompa Mjerumani kisiwa cha Heligoland na Mwingereza akapata Zanzibar, na humo wakaandika mpaka upite ufukweni kwetu. Yani maji yote kwa Mwingereza! Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay akisukuma mtumbwi akavue usipa, kwa karatasi ile keshaingia nchi ya watu kabla hata hajaanza kupiga kasia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa hilohilo kwa wenzetu lilirekebishwa. 1954 Mreno alikaa na Mwingereza wakahamisha mpaka wa Msumbiji hadi katikati ya ziwa, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland (Malawi ya leo) japo viko karibu kabisa na pwani ya Msumbiji. Sasa sisi nani angetudaia, wakati baada ya vita ya kwanza ya dunia Mwingereza huyohuyo ndo alikuwa anatawala pande zote mbili? Ramani zake mwenyewe zingine zilichora katikati, zingine ufukweni, hakuhangaika kuzisawazisha kwa sababu kote alikuwa bosi yeye. Halafu 1964 kule Cairo OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ikaamua kila nchi ibaki na mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, Malawi wanalishika azimio hilo mpaka leo na sisi tunawauliza mpaka wa ramani ipi.

Usuluhishi walipewa kina Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, miaka imekatika na huku ziwani hatuambiwi kitu. Wizara itoe taarifa ya wazi ya Kiswahili mazungumzo yamefika wapi, na kikao kijacho waitwe wavuvi pamoja na wale kina mama wa kabila la Wakisi wanaopakia vyungu kwenye mitumbwi kutoka Ikombe kwenda kuuza mnadani Matema, wa huku na wa Malawi pia, maana hao wote wanaishi kwa maji haya.

Msomaji wenu,
Kyela