Nilimtunzia siri mtani wetu, sasa ameondoka nayo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi umeme, nina miaka 44, naishi Muheza, na ni shabiki wa timu ya soka ya Yanga tangu utotoni. Nalitanguliza hilo la Yanga kwa sababu mtu anayeniliza alikuwa Simba damu, watani wetu wa jadi.

Tuna grupu la WhatsApp la mashabiki wa timu zote mbili, watu mia na themanini na ushee. Wengi ni wa Tanga, wengine wako Dar, Mwanza, hata Muscat. Mimi ni mmoja wa maadmini. Humo alikuwemo mzee wa miaka 61 tuliyemwita Mzee Stella. Mwaka 1993 alipanda basi kwenda Dar, Uwanja wa Taifa wa zamani ambao leo tunauita Uhuru, kuiona Simba kwenye fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ugenini walikuwa wametoka 0-0, kila mtu akijua kombe limeshafika Msimbazi, nyumbani kwa Simba. Wakafungwa 2-0 nyumbani. Alisimulia kwamba alikaa siku mbili hamsemeshi mtu, hata mkewe.

Yanga wote tulimchokoza kwa hiyo Stella, naye hakuacha kujibu. Lakini hakutukana hata siku moja. Ukimwita kolo, jina la kuwatania Simba, anakuita utopolo, letu sisi Yanga, kisha anakuuliza kama mtoto wako amepona homa. Alikumbuka homa za watoto wa watu ambao hajawahi kuwaona.

Januari 2025 alinipigia akaniambia figo zimemgomea, ameanza kusafishwa damu. Nikamwambia tulitangaze tumchangie. Akakataa katakata. “Wakijua naumwa wataacha kunitania. Nikikosa utani wenu ndio nimekufa kweli.” Akaniapisha. Akanielekeza hata cha kusema: akipotea siku mbili tatu, niseme yuko shamba, mtandao haushiki. Shangazi, nimelisema hilo la shamba mara nyingi mno.

Mei 25 Simba waliporudiana na RS Berkane ya Morocco fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, alivuka bahari mpaka Unguja akaingia Uwanja wa Amaan. Kule Morocco Simba walikuwa wamefungwa 2-0, pale wakatoka 1-1, kombe likaondoka. Usiku akatuma ujumbe wa sauti, ninao mpaka leo. Nyuma yake vuvuzela moja tu linalia, na yeye anahema kama aliyetoka kupanda ngazi: “Mwaka 93 nililia peke yangu kwenye basi. Leo nalia nanyi. Haya, nitanieni.” Watu walidhani anahema kwa kilio. Mimi nilinyamaza.

Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, Yanga tukawafunga 2-0 tukabeba ubingwa. Grupu likawaka moto. Kila mtu anamtafuta Mzee Stella, yeye kimya. Nikaandika kama kawaida, yuko shamba. Ndipo kijana wetu mmoja, mwendesha bodaboda, akaandika: “Mzee Stella, hizi mbili zikikuua tutakuzika na jezi ya njano.” Watu wakacheka. Na mimi niliweka kicheko, kwa sababu nisingeweka wangeniuliza nina nini.

Jumamosi ile ile alifariki.

Msibani tulikwenda watu thelathini na saba. Wana Yanga ndio walioteka maji na kubeba jeneza, kama watani wanavyotakiwa. Mjane wake akaniita pembeni akanishukuru kwa kumtunzia mumewe siri. Akaniambia pia kwamba kuna wiki marehemu hakwenda kusafishwa damu kwa kukosa fedha. Hilo sikulijua, naapa. Rambirambi zetu kwa siku mbili zilifika shilingi 1,340,000.

Yule kijana amejitoa kwenye grupu. Haendeshi bodaboda, mama yake anasema hali vizuri. Kila usiku ananiandikia swali moja: “Kaka, unadhani aliisoma?”

Aliisoma, Shangazi. Saa kumi na moja alfajiri ya Alhamisi marehemu aliniandikia mimi peke yangu: “Huyu wa jezi ya njano ananiweza. Nimecheka mpaka nesi kaja kuniangalia. Usimkanye.” Ninao ujumbe huo. Nikimwonyesha, atajua kwamba nilijua mzee yuko hospitali huku nikisema yuko shamba. Na akijua yeye, grupu zima litajua. Tayari wapo wanaoandika kwamba tungeambiwa mapema tungechanga, mzee asingekosa hata siku moja. Nikisoma hayo nashindwa kula.

Naogopa lawama, silifichi hilo. Lakini pia niliapa, na siri ya mtu kwangu ni amana. Je, kifo kimenifungua, au bado nimefungwa? Nimwonyeshe kijana ule ujumbe peke yake na kumwomba afunge mdomo, nimtwishe na yeye siri kama nilivyotwishwa? Au niliambie grupu zima, kisha wanifanye watakavyo?

Arobaini ni mwanzoni mwa Agosti na tunakwenda wengi. Mjane hajui kwamba wenzangu hawajui. Anaweza kunishukuru tena mbele yao. Jana usiku kijana ameniuliza tena lile swali lake. Sijamjibu. Nijibu nini?

Mtani, Muheza