Barua kwa mwanangu: msalaba wenu wa zamani

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo, ila joto limezidi na upepo wa bahari unakula kila chuma. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Kumbe kamati yenu ya ujenzi inataka kuuondoa msalaba ule wa zamani wenye sanamu ya Bwana Yesu, eti Walutheri hatuna sanamu, na wewe umekubali.

Aliyewaambia hivyo hajui tulikotoka. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg, mji wa Martin Luther kule Ujerumani, walianza kuvunja sanamu makanisani, wakichochewa na mwalimu mwenzake Andreas Karlstadt. Luther alikuwa mafichoni kwenye ngome ya Wartburg. Mwezi Machi akarudi mjini, akahubiri siku nane mfululizo. Sanamu, alisema, hazikuamriwa wala hazikukatazwa. Kosa ni kuziabudu. Watu wameabudu hata jua na nyota, je, tuzing'oe mbinguni? Ndiyo maana makanisa mengi ya Kilutheri Ujerumani yangali na altare zake za kale, ilhali Zürich, Uswisi, kwa wanamatengenezo wasio Walutheri, sanamu ziliondolewa mwaka 1524.

Wala sisemi ubao una nguvu. Mtawala wa Luther, Frederick, alikusanya masalia ya watakatifu, yaani mifupa na vitu vyao, zaidi ya 19,000, watu wakiyaendea wapunguziwe adhabu ya toharani. Luther alilikataa hilo. Leo nikiona mtu ananunua kichupa cha mafuta ili mkosi umtoke, naona ni yale yale.

Bibi yako kila Jumamosi alisugua kikombe cha Chakula cha Bwana kwa majivu yaliyochekechwa, limau na kipande cha kanga kuukuu. Ukingoni palibonyea kidogo, ukinywa unapagusa kwa mdomo. Nilimuuliza kama kikombe kile ni kitakatifu. Akasema, "Kitakatifu ni Neno linalosemwa juu yake. Hiki ni kikombe tu, lakini ndicho alichonywea babako."

Baadaye tulinunua vikombe vidogo vidogo. Kile kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kikapimwa kwenye mizani pamoja na mabati. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, kikaoni nilikuwepo, nikanyamaza. Hadi leo nikipiga magoti madhabahuni, mdomo unapatafuta pale palipobonyea.

Kabla hamjakaa tena, mtafute mwenye umri mkubwa kuliko wote hapo usharikani, umuulize msalaba ule ulichongwa na nani. Wakikataa kabisa kuutunza, waombe wakupe wewe. Uufunge kwa kitenge, upande basi. Nitakuja kukupokea stendi ya Kange.

Mama yako