Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunasajili Vizuri, Tunapanga Vibaya

Ndugu wanachama,

Ligi yetu ya Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu, imemalizika bila mechi ya kiporo, na hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Mimi nitashika jambo moja ambalo kamati imeliona kila ilipopitia karatasi za mechi: tunasajili kadi nzuri, halafu tunazipanga vibaya.

Wengi wanaitazama kadi bila kuihesabu. Dadu mbili zikijumlishwa, 7 hutokea kwa njia 6 kati ya 36. 6 na 8 kwa njia 5 kila moja. 5 na 9 kwa 4. 4 na 10 kwa 3. 3 na 11 kwa 2. 2 na 12 kwa njia 1 tu. Kila upande wa kadi ya mpigaji una safu tatu, kwa hiyo jumla ni nafasi 108. Shika kalamu, jumlisha nafasi zote za hiti (kupiga na kufika besi salama) na za besi ya bure (kupewa besi bila kupiga). Palipogawanywa kwa dadu ya pande 20, piga hesabu: homurani (pigo la kuzunguka besi zote) ya 1 hadi 8 iliyo kwenye namba 6 si nafasi 5, ni 5 mara 8 gawanya kwa 20, yaani 2. Homurani kamili kwenye 12 inapendeza macho, lakini ni nafasi 1 kati ya 108. Na nusu ya zamu zote za kupiga husomwa kwenye kadi ya mrushaji, dadu ya tatu, inayochagua safu, ikitoa 4, 5 au 6.

Ukishapata jumla, wapigaji wako watatu bora waingie namba 1, 2 na 4 katika zamu za kupiga. Mwenye homurani nyingi akae 4. Anayefika besi sana bila nguvu aanze. Mazoea ya hapa Dar ni kumweka bora kuliko wote namba 3, na namba 2 kumpa mwenye mbio hata kama hafiki besi. Mbio za mtu aliyerudi benchi zina faida gani? Namba 3 mara nyingi anaingia wawili wameshatolewa na besi ziko tupu. Kila ngazi unayomshusha mpigaji inamnyima takriban zamu 18 kwa msimu wa mechi 162.

Namba 2 ana mtego wake. Angalia mipira ya chini yenye herufi A: mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, hiyo hutoa watu wawili kwa mpigo. A ikikaa kwenye 6, 7 au 8, mshushe mpigaji huyo hadi namba 6 au 7, hata kama jumla yake ni nzuri.

Andaeni karatasi mbili. Upande wa kushoto wa kadi ni dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, wa kulia dhidi ya wa kulia, na kuna wapigaji ambao pande hizo mbili ni kama watu tofauti kabisa. Wapo wanachama wanaotumia mpangilio mmoja tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho.

Ulinzi nao unaingia kwenye hesabu. Kadi ya mrushaji ina nafasi 30 za X, yaani matokeo yanayoamuliwa na mlinzi: shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) 7, besi ya pili 6, uwanja wa kushoto 2 tu. Mpigaji hodari mwenye ulinzi wa 4 (1 ndiyo bora) mfiche uwanja wa kushoto. Ukimweka shotistopu atawapa wapinzani alama zote alizokuletea.

Kamati inapendekeza kanuni mpya: mchezaji asipewe zamu nyingi kuliko alizopata kwenye msimu halisi. Kadi ya mtu aliyepiga mara 40 tu huweza kung'aa kwa sababu hakucheza vya kutosha takwimu zake zikashuka, na mwaka huu kadi za namna hiyo zimeanza mechi baada ya mechi. Kura zipigwe leo, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.