Klarineti kuukuu: uzee peke yake si bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu klarineti za mitumba, yaani zile ala nyeusi za kupuliza zenye vibonyezo. Matangazo yake yameshika mtindo mmoja: picha ya kasha lililofunguliwa, maneno "ya zamani sana, mpingo halisi", kisha bei ya kutisha. Wanunuzi wengi ni kwaya, shule na vijana wa bendi. Sifa hizo mbili ndizo zinazowaumiza, maana hakuna hata moja inayopandisha bei kwa yenyewe.

Tuanze na mpingo. Klarineti nyingi za daraja la juu duniani zimechongwa kwa mti huo, na sehemu kubwa ya mti wenyewe hutoka huku kwetu kusini, Kilwa na Lindi. Kwa hiyo kusema "ni ya mpingo" ni kutaja jambo la kawaida, ikiwa ni kweli. Eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa ukawa mgumu, nayo ni nyeusi. Ikikaa kwenye mwanga miaka mingi hugeuka kahawia yenye ukijani, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto inatoa harufu ya kiberiti. Plastiki hung'aa sawasawa kila mahali, na mara nyingi ina mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Mbao utaijua ukimulika tochi ndani ya tundu, ile njia ya hewa inayopita katikati: nyuzi zake zinaonekana zikienda kwa urefu. Muuzaji akitaka kukuthibitishia kwa sindano ya moto, mkatalie. Kovu lake halifutiki.

Baada ya hapo soma chapa kwenye kila kipande, si kwenye kengele ya chini tu. Kampuni ya Buffet Crampon ilianza kuuza modeli ya R13 mwaka 1955, na ndiyo inayotafutwa sana hadi leo, lakini R13 za zamani hazikuandikwa jina hilo. Utaona chapa ya kampuni na Paris basi. Zile zilizoandikwa wazi B12 au E11 ni za wanafunzi, japo zina jina lile lile kubwa. Evette, chapa nyingine ya Buffet, ya miaka ya baadaye ni ya wanafunzi vilevile. Kwa Selmer, tofautisha ile ya Paris na Bundy ya Marekani: ndugu kwa jina, mbali kwa bei. Noblet, Normandy na Vito ni za ukoo wa kampuni ya Leblanc. Zilizoandikwa jina la duka fulani tu zilitengenezwa na kiwanda kingine kwa oda, na mara nyingi ni za daraja la chini.

Kwa Boosey & Hawkes ya London, ambayo Afrika Mashariki inaijua kupitia bendi za polisi na jeshi, Regent ni ya kujifunzia, Edgware ni ya kati, na Imperial 926 na Symphony 1010 ndizo za wakubwa. Hiyo 1010 ina jambo lake. Tundu lake ni pana, karibu milimita 15.2, na linahitaji mdomo wa kupulizia uliotobolewa kwa ajili yake. Ukiifunga mdomo wa kawaida noti zinapishana, na watu huishia kuisingizia klarineti nzima kwamba ni mbovu. Ikiuzwa bila mdomo wake, punguza bei bila aibu.

Linganisha pia namba ya kiwandani ya kipande cha juu na ya kipande cha chini. Kwa Buffet na Selmer zinatakiwa zifanane. Zikitofautiana, mbele yako kuna klarineti mbili zilizoozeshwa. Huenda inapiga vizuri, ila bei ya kitu kizima haiistahili.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote: kimo cha sauti. Bendi za jeshi la Uingereza zilitumia sauti ya juu, noti ya A ya mitetemo karibu 452 kwa sekunde, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Klarineti za wakati huo zipo bado, nyingine zina herufi H.P. (high pitch, yaani sauti ya juu), nyingine hazina kitu. Chukua futi ya fundi cherehani, ondoa mdomo wa kupulizia, pima kutoka juu ya kipipa, kile kipande kifupi kinachoushika mdomo, hadi ukingo wa kengele. Klarineti ya B bemoli ya sauti ya leo inafika karibu sentimita 59; ikiwa ni 57 hivi, shuku. Ya A ni ndefu zaidi, karibu 63. Usidanganywe na anayesema "vuta tu kipipa". Ukivuta kipipa, noti za juu ya kipande cha juu hushuka sana na zile za chini hushuka kidogo, kwa sababu mashimo yametobolewa kwa umbali wa sauti ile ya zamani. Hiyo haipigi na kinanda cha kanisa hata siku moja, na thamani yake ni ya pambo la ukutani.

Hesabu na pete zinazozunguka mashimo. Mfumo wa vibonyezo wa Boehm unaofundishwa sehemu nyingi una vibonyezo 17 na pete 6: tatu chini, mbili juu mbele, moja nyuma ya kidole gumba. Ukikuta pete 2 au 4, ni mfumo wa Albert. Wapo wanaoipenda, hasa wapiga jazi ya New Orleans, lakini mwanafunzi atahangaika kupata mwalimu.

Nyufa nyingi huanzia kipande cha juu, kwa sababu pumzi yenye unyevu hutanua mti kwa ndani huku nje kukiwa kukavu. Fuata mstari kutoka ukingo wa juu hadi kwenye mashimo madogo ya vibonyezo vya pembeni, tochi ukiilaza. Wauzaji wengine hupaka kiwi ya viatu; futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo utazame tena. Vidoto viwili vitatu vilivyopangana kuvuka mstari ni pini za fundi: ufa ulizibwa. Uliozibwa vizuri si msiba. Uliopita katikati ya shimo la sauti ni habari nyingine, kwani padi, kile kizibo laini kilicho chini ya kibonyezo, haitaziba. Pete za chuma za kwenye viungo zikizunguka kwa kidole, mti umekauka na unahitaji kurudishiwa unyevu polepole kabla ya kupulizwa. Anza na dakika 10 kwa siku.

Kisha jaribu hewa. Shika kipande cha juu peke yake, ziba mashimo kwa vidole na upande wa chini kwa kiganja, nyonya. Ulimi ukinata kwa sekunde kadhaa, padi ziko sawa. Ukisikia hewa inapita, ingiza karatasi ya sigara chini ya kila padi, funga, vuta taratibu: inapotoka bila kung'ang'ania ndipo panapovuja. Vibonyezo vilivyopinda vya madini duni ya bei rahisi usivinyooshe, vitakatika mkononi.

Kwenye bei, tazama klarineti za aina ile ile zilizokwisha kuuzwa, si zinazotangazwa. Tuseme iliyo tayari kupigwa huuzwa dola 600 na kubadilisha padi zote, vizibo vya viungo na springi kunagharimu 250. Hiyo iliyolala stoo miaka 30 isizidi 350, kabla hujatoa pengo la ufa. Fungua pia mifuko ya kasha: mdomo wa zamani wenye jina la Chedeville au Kaspar unaweza kuzidi bei ya klarineti iliyobaki nao. Na ikiwa pete za viungo ni nyeupe za pembe ya ndovu, kama zilivyo kwenye baadhi ya klarineti za karne ya 19, usiisafirishe wala kuiuza nje kabla ya kuulizia vibali, kwani forodha huikamata. Mpingo katika ala iliyokamilika hauhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Novemba 2019.

Fundi wa ala za kupuliza,
Dar es Salaam