Barua ya wazi kwa vijana mnaofanya kazi na watafiti wa bahari Malindi

Wanangu,

Nawaona mkishuka pwani na watafiti, mmebeba miwani ya kuzamia na vibao vya kuandikia chini ya maji, na moyo wangu unafurahi. Hifadhi yetu ya bahari ilitangazwa mwaka 1968, na wavuvi wengi tuliijua kwa kufukuzwa tu. Sasa nyinyi, watoto wa wavuvi, mmeingia ndani yake. Hiyo ni nafasi kubwa, msiipoteze kwa kubeba mizigo.

Ulizeni hizo hesabu za samaki mnazoandika ni za nini. Samaki aitwaye kikande, kwa mfano. Mvuvi akimkuta kwenye lema, mtego wake wa samaki, huona kitoweo, basi. Watafiti waliochunguza miamba ya pwani ya Kenya wameonyesha kwamba kikande ndiye anayekula wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguuni. Akivuliwa mpaka akaisha, wadudu huzidi, huukwangua mwamba hadi ukawa kifusi, na samaki kama tafi na pono nao hukosa pa kukaa. Baba zenu wana haki ya kulijua hilo. Lakini ripoti huandikwa kwa Kiingereza, ikaondoka na mwenyewe.

Nasi tunacho cha kuwafunza hao wageni. Kaskazi ikivuma, tope la mto Sabaki husukumwa kusini hadi kwetu, na maji hubadilika rangi. Anayekuja msimu mmoja tu ataijuaje bahari hii? Wazee wanaukumbuka pia mwaka 1998, bahari ilipopata joto, matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa. Waulizeni ni mwamba upi umerudi na upi haujarudi. Andikeni majibu yao, na jina la mzee liwepo kwenye kazi hiyo akiridhia.

Walimu nao wawapeleke wanafunzi mwambani maji ya bamvua yakipwa, askari wa hifadhi na mvuvi mmoja wakiwaeleza pamoja. Mtoto aliyezaliwa Malindi asilijue tumbawe kwa picha ya kitabuni.

Na kabla hamjakubali kazi nyingine, wekeni sharti hili mapema: matokeo yasomwe bandarini, kwa Kiswahili na Kigiriama, manahodha na mama karanga, wanaokaanga na kuuza samaki, wakiwepo, na watu wapewe muda wa kuuliza na kupinga. Nakala moja ibaki kwenye ofisi ya wavuvi.

Mzee wenu,
Malindi